Damu Yangu Ilipokuwa Kipimo cha Lodwar

Naitwa Opondo, mzaliwa wa Ugenya, mpima damu kwa kazi. Mwaka wa 1989 serikali ilinipeleka Lodwar kwa barua ya mistari mitatu. Nakiri kwamba basi lilipopita Kainuk na miti ikaanza kupungua nilitoa machozi, nikamwambia abiria wa pembeni kuwa ni vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mwembamba kama ufito. Wembamba huo mtausikia hapa mara moja tu, kwa sababu haukukaa.

Nilioa Rael, binti wa kwetu, nikamleta Kanamkemer, mtaa wa pale Lodwar, naye akagundua soko. Samaki wa Ferguson's Gulf, kule Ziwa Turkana, walifika Lodwar kila siku, wabichi na wakavu. Halafu kuna kondoo wa Kiturkana mwenye mkia wa mafuta, mkia mzito unaomchosha mwenyewe. Rael alijifunza kuuyeyusha ule mkia na kukaangia kila kitu, hata mboga ambayo haikuomba. Kufikia 1996 nilikuwa na kilo mia moja na nne. Nilipoenda likizo nyumbani, mama yangu alinizunguka akinitazama kama anayekagua nyumba mpya, akasema, "Opondo wangu, sasa mwili umekukubali." Kwetu tumbo la mwanamume ni cheti. Nililiamini neno lake kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni, na mkasa huu wote ulianzia hapo.

Nilikuwa msimamizi wa maabara ya hospitali moja ambayo sitaitaja jina, isije nayo ikanitaja. Nilijisimamia mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine. Chumba kimoja, dirisha moja, jenereta ya asubuhi, na friji ya mafuta ya taa iliyotunza dawa zangu pamoja na soda za wakubwa. Vitabu vilisema vichupa vikae kwenye maji ya joto la digrii thelathini na saba. Nairobi tulitumia umeme kuyapasha maji hayo. Lodwar nilitumia kitambaa kibichi kuyapoza.

Kazi yenyewe si uchawi, ingawa sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Unatoa damu, unaizungusha mpaka wekundu ukae chini na maji ya manjano yabaki juu. Maji hayo unayatia dawa. Ukitafuta mafuta ya damu, ile kolesteroli, yanageuka kijani. Ukitafuta ini linaloumia yanageuka hudhurungi, kwa sababu ini likiumia huvujisha vitu vyake kwenye damu. Rangi ikikolea, kitu ni kingi. Kisha unatia kichupa kwenye mashine ya kupima rangi, na mshale unasimama mahali. Lakini mshale peke yake hausemi lolote. Lazima uwe na kichupa kingine ambacho kiwanda kimekuhakikishia kina kiasi fulani, ili umlinganishe mgonjwa nacho. Hicho sisi wa maabara tulikiita stendadi.

Februari ya mwaka huo wa 1996 stendadi yangu iliisha. Nyingine ilitumwa kutoka Nairobi, ikakaa Kainuk siku tisa juani ikingoja msafara wa polisi, kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wameikalia barabara. Nilipofungua boksi lilinuka mchuzi. Niliandika barua kuomba nyingine, nikajibiwa nivumilie mpaka bajeti ya mwaka unaofuata. Dawa ya kupima manjano ya nyongo ilikuwa imeisha zamani. Fundi mwenye akili angebandika karatasi mlangoni: vipimo vya ini na mafuta vimesimama. Mimi nilikuwa na akili zaidi.

Nilijiuliza: stendadi ni nini? Ni damu ambayo kiasi chake kinajulikana. Kitabu kinasema mtu mzima mwenye afya, ini lake lina vipimo ishirini hivi. Basi ninachohitaji ni mtu mmoja mwenye afya. Nikatazama nje dirishani. Nikawaona wazee wa Kiturkana wamekalia vigoda vyao, wembamba, mbavu zinahesabika. Nikamwona mlinzi wetu, mfupa mtupu. Nikamwona daktari wetu mpya, Cheruiyot, kijana aliyekonda kwa kukimbia kila alfajiri mpaka daraja la Turkwel bila kufukuzwa na mtu. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Sinywi chang'aa. Sivuti. Naimba besi kanisani. Nikajifunga mpira mkononi, nikajitoa damu, na kwenye kichupa nikaandika kwa wino mweusi: OPONDO, ISHIRINI.

Kuanzia siku hiyo, kila aliyekuja Lodwar kupimwa ini au mafuta alilinganishwa na mimi. Kila Jumatatu nilijitoa damu mpya. Nilijisikia kama bendera ya wilaya.

Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Mtu baada ya mtu, kawaida. Wengi walikuwa chini hata ya kawaida. Kufikia Agosti nilikuwa nimepima watu arobaini na watatu, na si ini wala mafuta ya hata mmoja yaliyozidi. Mtu mwingine angeshtuka, hasa katika wilaya ambayo kila daktari wa Kenya anaijua kwa uvimbe wa ini unaoletwa na mbwa. Mimi niliandika ripoti. Kurasa kumi na nne, kwa mwandiko wangu wa Jumapili, nikieleza kwamba jua la Turkana linayeyusha mafuta ndani ya damu na kulipumzisha ini. Nilichora hata mchoro wa jua. Daktari Cheruiyot aliisoma, akasema, "Mzee Opondo, hii ni kazi kubwa." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi niliongeza kurasa mbili. Watu wa maabara wa mkoa walikuwa na mkutano Eldoret mwishoni mwa Agosti, nami nikakubaliwa kwenda kuisoma mbele yao.

Hapo ndipo anapoingia Anyieth.

Anyieth alikuwa Mdinka kutoka Bor, kusini mwa Sudan, mjane wa miaka arobaini hivi, aliyefika Kakuma mwaka kambi ya wakimbizi ilipoanza. Aliuza chai na sukari sokoni pale kambini. Wanawake wa sehemu yake walikuwa wamemchagua kukaa mstari wa mbele siku za mgao wa chakula, aukague mkebe unaopimia unga, kwa sababu mkebe ukibonyezwa kidogo tu chini, familia hulala bila kushiba. Alikuja kwangu mara ya kwanza mwezi wa Machi, akiletwa na kaka yake Mamer, katekista mpole aliyevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingo. Alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia kila alipokula mafuta. Mwili ulimwasha mpaka akajikuna kwa gunzi. Mkojo wake, alisema mwenyewe, ulikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Nilimpima, nikapata kawaida. Aliambiwa ni minyoo, akapewa vidonge, akarudi Kakuma kilomita mia na ishirini. Mei alirudi, na weupe wa macho ukiwa umegeuka. Nilipima tena, nikapata kawaida. Daktari alinijia na wasiwasi.

"Mzee, macho ya huyu mama ni ya manjano."

"Ni moshi, daktari," nikasema. "Huyu anapika chai kwa makaa mchana kutwa. Moshi na vumbi, jicho lazima libadilike." Nilisema kwa sauti ya besi, na besi huaminika.

Jumanne ya mwisho wa Agosti Anyieth na Mamer waliletwa mara ya tatu. Safari hii Anyieth alikuwa amebaki ngozi na mifupa, na hakuhitaji daktari kumwambia macho yake yana rangi gani. Cheruiyot alishuku jiwe limeziba njia ya nyongo, jiwe ambalo Eldoret wangeweza kumpasua wakaliondoa, na ambalo Lodwar tungeweza kulitazama tu likimuua. Gari la shirika la wakimbizi lilikuwa linaondoka Alhamisi alfajiri kwenda Eldoret, na lilibaki na kiti kimoja. Sheria ya shirika ilikuwa ngumu: bila karatasi ya maabara inayoonyesha ini limeharibika, hakuna kiti. Karatasi yangu ilisema ishirini na nane. Mpaka wa kitabu ulikuwa arobaini.

Kile kiti kimoja kilikuwa kimepewa mtaalamu aliyekuwa anakwenda mkutanoni kusoma ripoti. Ndiyo, mimi.

Niliwaita maabara kuwaeleza. Mamer alichukua karatasi kwa mikono miwili kama anayepokea sakramenti.

"Kama karatasi imesema, dada, imesema," akamwambia. "Turudi tuombe Mungu."

Anyieth hakuinuka. Alikuwa akitazama kile kichupa changu kilichosimama peke yake kwenye kishikio cha mbao.

"Daktari, mimi iko na swali moja," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. "Hii damu yangu, unapima na nini?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mgonjwa. Nilifurahi, nikamweleza habari ya rangi na ya kulinganisha. Nilikuwa mwalimu mzuri, Mungu anisamehe.

"Kwa hivyo hii kichupa ndiyo mkebe," akasema.

"Ndiyo, mama. Umeelewa vizuri. Ndiyo mkebe."

"Na ndani iko damu ya nani?"

"Yangu," nikasema, nikanyoosha mgongo.

Alinitazama. Alianza na uso, akashuka polepole mpaka tumboni, akakaa hapo kitambo, akarudi usoni.

"Na wewe nani alikupima?"

Kwa miaka yote ya kazi sijawahi kukosa jibu la kitaalamu, hata pale ambapo halikuhitajika. Siku hiyo nilinyoosha kidole kwenye rafu.

"Kitabu," nikasema.

"Kitabu ilitoa wewe damu?"

Mamer alimgusa begani kwa aibu. "Dada, malesh, yaishe, huyu ni daktari."

"Mimi sina ugomvi na yeye," Anyieth akajibu. "Mimi nasema vile sisi tunafanya Kakuma. Siku ya chakula, mtu ya kupima anakuja na mkebe, anasema huu ni sawa. Sisi hatubishani na yeye. Tunaita wamama kumi, kila mmoja na mkebe yake ya nyumbani. Tunajaza unga kwa wote. Kama kumi inasema kitu moja na huu unasema ingine, kalas, imekwisha, mwongo ni huu moja."

Nyani haoni kundule. Nilikuwa na hasira, ningependa kusema vinginevyo lakini ndiyo ilivyokuwa. Mwanamke wa kambini, asiyejua kusoma, ananifundisha kazi katika chumba changu. Nilimwambia nitafikiria. Nilikwenda nyumbani, Rael akaniwekea samaki wa kukaanga, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikumaliza sahani. Rael aliniwekea mkono kwenye paji la uso aone kama nina homa.

Jumatano asubuhi na mapema niliwakamata watu kumi kabla hawajanywa chai. Mlinzi. Mpishi. Mama wawili wa Kiturkana walioleta maziwa, ambao niliwasalimu "ejok" kwa unyenyekevu wasiouzoea kutoka kwangu. Wafagiaji watatu, dereva, na muuguzi wa zamu. Wa kumi alikuwa daktari Cheruiyot mwenyewe, akihema kutoka mbioni. Niliwatoa damu, nikaipanga safu moja, na mwishoni mwa safu nikaweka ya Opondo. Nikatia dawa ya kijani kwanza, ile ya mafuta. Nikangoja.

Sikuhitaji mashine. Vichupa kumi viligeuka kijani chepesi cha majani machanga ya mwarobaini. Changu kiligeuka sukuma wiki.

Nikafanya cha ini. Vichupa kumi, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Changu, kahawa. Nilivitia kwenye mashine hata hivyo, kwa sababu mtu anayezama hushika hata unyasi. Kama mimi nilikuwa ishirini, basi wale kumi walikuwa saba, sita, nane, saba. Ama watu wote wa Lodwar hawakuwa na ini, ama Opondo hakuwa ishirini. Nilikaa kwenye kigoda nikafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeifanya mwezi wa Februari. Kama wao ndio ishirini, mimi nilikuwa karibu sitini. Ini langu lilikuwa limevaa mkia wa kondoo. Na wilaya nzima niliikata mpaka theluthi moja, kila mtu, miezi sita.

Ishirini na nane ya Anyieth ilikuwa themanini.

Nilimwendea Cheruiyot na vichupa kumi na kimoja kwenye kishikio. Nilikuwa nimejiandalia maelezo yenye maneno ya Kilatini. Yaliyotoka ni haya: "Daktari, nimekuwa nikiwapima watu kwa ini bovu. Bovu lenyewe ni langu." Nikaanza kulia, na safari hii hakukuwa na vumbi la kusingizia. Aliitazama ile safu ya rangi muda mrefu. Hakunigombeza, na hilo lilinikata zaidi. Alisema tu, "Andika karatasi mpya. Eleza ulivyopima, usifiche kitu. Nitaitia sahihi." Penye wengi hapaharibiki neno, na watu kumi wenye afya walitosha kumshawishi hata ofisa wa shirika, mtu ambaye hakuwahi kushawishiwa na manjano ya jicho.

Alhamisi alfajiri nilimsindikiza Anyieth mpaka garini. Kiti kilikuwa cha mbele, kile nilichoomba mwenyewe kwa ajili ya miguu yangu. Nilimfungia mkanda. Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno mazuri.

"Mama, tangu Machi..." nikaanza.

"Tangu Machi nimejikuna," akasema. "Funga mlango, daktari, vumbi inaingia."

Walimtoa mawe matatu Eldoret. Ripoti yangu ya kurasa kumi na sita nilimpa Rael, akachujia mafuta ya samaki ambao sikuruhusiwa tena kuwala.

Kisha nilianza kuwatafuta wale arobaini na wawili waliobaki. Daktari alinipa ruhusa ya Jumamosi, na baiskeli, ambayo ilinivumilia mpaka ikapasuka tairi. Nilikwenda Kanamkemer nyumba kwa nyumba. Nilikwenda Kalokol kwa wavuvi. Nilikwenda Kakuma. Kila mahali nilisema maneno yaleyale: nilikupima vibaya, kosa si lako, nipe damu tena. Watu walicheka sana, hasa niliposema sababu. Mzee mmoja wa Kiturkana aliomba kulishika tumbo langu aone hiyo stendadi ilivyo. Niliwapata thelathini na saba, na watano kati yao walikuwa wagonjwa kweli, wakatibiwa. Watatu walikuwa wamehama na mifugo. Wawili nilionyeshwa makaburi yao. Mmoja alikuwa mama wa watoto wanne, na mumewe hakunigombeza, alinipa maji ya kunywa. Sijui kama wangepona. Najua walikuja kuniuliza, nami nikawajibu kawaida. Hao wawili siwezi kuwafanyia mzaha, na nimejaribu.

Mimi nilikonda, polepole na kwa malalamiko. Mama yangu aliponiona Desemba aliuliza kama Rael ananinyima chakula. Stendadi mpya ilifika mwaka uliofuata, nzima, imefungwa kwa barafu, na hata hivyo kila Jumatatu niliipima kwa damu ya watu kumi kabla ya kuiamini. Mpaka leo wafagiaji wakiniona asubuhi na sindano huwa wanakunja mikono ya mashati bila kuulizwa.

Kila mwezi nilipopeleka majibu Kakuma nilipitia kwa Anyieth sokoni. Alinenepa kiasi, macho yakawa meupe kama maziwa. Aliuza sukari kwa mkebe mmoja safi ulionyooka, na wateja waliusifu. Lakini chini ya meza alikuwa na mwingine, umebonyezwa kitako mpaka ndani, wa zile siku za mgao. Alimnyang'anya mpimaji mmoja mwongo, akakataa kuutupa. Kila nilipoketi aliniinua kidevu kwanza, akavuta kope zangu chini kwa kidole gumba, akazitazama mbele ya soko zima. Kisha akainama, akatoa ule mkebe uliobonyezwa, akanipimia sukari ya chai.

"Mama, huo si wa haki," nikasema mara ya kwanza.

"Ya haki ni ya watu kumi," akasema, akakoroga. "Wewe ni yule moja. Kunywa."